Diski Nne za Ghala la Konde

Mpelelezi aliziweka mezani kwangu moja baada ya nyingine, kila diski ndani ya mfuko wake wa nailoni uliofungwa kwa lakiri, halafu akavuta kiti na kukaa bila kukaribishwa.

"Hizi ndizo," alisema. "Zilitoka nne, na zimefika nne. Mengine nakuachia wewe, dada."

Zilinuka moshi hata kabla sijafungua mfuko. Plastiki ya vibao vilivyozishikilia ilikuwa imejikunja, na karatasi ndogo zilizobandikwa juu yake, zile zenye namba za kuonyesha ipi ya kwanza na ipi ya mwisho, zilikuwa zimeungua zikawa rangi ya kahawa. Nilizigeuza chini ya taa, nikajaribu kwa kioo cha kukuzia. Hapakusomeka kitu.

Ghala lililoungua nilikuwa nalijua kama alijuavyo kila anayepita Konde. Lilikuwa la mfanyabiashara wa jumla: mchele, unga, sukari, magodoro, mitungi ya gesi. Liliungua siku ya Ijumaa, mchana, watu wako msikitini, na mtu pekee aliyekuwapo ni mlinzi wake, mzee wa Kiuyu aliyelilinda tangu lilipojengwa. Wiki hiyo hiyo alikuwa ameomba ruhusa ampeleke mkewe hospitali, akanyimwa, na akapandisha sauti mbele ya wateja. Watu waliyakumbuka maneno yake. Tena ilikutwa mitungi ya gesi nje ya ghala, kwenye kichochoro, mizima kabisa. Mzee alisema aliitoa moto ulipoanza. Watu wakacheka: mzee wa umri ule abebe mitungi ndani ya moto? Bila shaka aliitoa mapema aende nayo, kisha akatia kiberiti. Malengelenge ya mikononi mwake nayo yakahesabiwa kuwa ushahidi wa kiberiti hicho. Alikuwa rumande.

Ghala lilikuwa na kamera. Picha zake zilikuwa zikihifadhiwa kwenye mashine iliyokaa chumba cha nyuma, nyuma ya ukuta wa matofali, na ukuta huo ndio ulioziokoa diski. Mashine yenyewe iliyeyuka.

Mimi kazi hii ya kuchunguza kompyuta na simu za kesi niliisomea bara, nikaifanya huko miaka kadhaa katika ofisi yenye kiyoyozi na wenzangu wa kuulizana. Nilirudi Chake, hapa Pemba, kwa ajili ya mama yangu, ambaye magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Hapa nilipewa chumba kimoja, feni moja, na betri ya akiba ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika. Kwa kawaida niliulizwa mambo ya simu: nani alimtumia nani ujumbe wa matusi, nani alifuta nini. Diski nne za mashine moja sikuwahi kuletewa tangu nirudi.

"Unadhani zitasema?" aliuliza mpelelezi.

"Zikisema, Afande, zitasema zilichokiona. Si tunachokitaka."

Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa bara, mkimya, Mkristo aliyezoea kuamkia watu kwa salamu za hapa kuliko sisi wenyewe. Sikumjua vizuri wakati ule. Nilichokuwa nakiogopa ni kwamba ameshaamua, na amenijia nimtilie muhuri tu.

Kazi ya kwanza ni kunakili. Diski ya ushahidi haiguswi. Unaiunganisha na kifaa kinachoruhusu kusoma na kuzuia kuandika, unachukua nakala yake kamili, hata sehemu zilizo tupu, kisha kompyuta inakokotoa alama ndefu ya herufi na tarakimu. Nakala ikitofautiana na diski kwa nukta moja tu, alama hazifanani. Zikifanana, diski inarudi kwenye mfuko wake na lakiri mpya, na wewe unahangaika na nakala. Umeme ulinikatikia mara nyingi, betri ikalia, nami nikawa nasoma dua huku nikitazama mstari wa kijani ukisogea. Nakala zote zilitoka salama. Mpelelezi alipokuja kuzichukua diski alitia sahihi, akaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula.

Binti wa yule mlinzi alikuja nyumbani kwetu Madungu siku moja baada ya Alasiri. Alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi huko kwao, mtu mzima wa rika langu, na alikuja peke yake kwa gari ya abiria, buibui lake lina vumbi la njia nzima. Mama alimkaribisha ukumbini, akamwekea chai na mkate wa kumimina kabla ya kumuuliza ana shida gani. Nilipojua ni nani, nilisimama mlangoni nisijue niingie au nirudi.

"Sikuja kukuomba kitu kibaya, dada," alisema aliponiona. "Najua huruhusiwi kusema na miye."

"Kweli siruhusiwi."

"Basi nsikize tu. Baba hasemi sana. Tukienda kumwona anauliza mama kala nini, kalala vipi. Mambo ya moto hayataki. Jana kanambia neno moja: zile kamera zinakuwako mchana kutwa, hazendi kusali. Zitakuwa zimeona." Alijifuta jasho la mdomo kwa ncha ya mtandio. "Nataka kujua, ni kweli zinaweza kuwa zimeona?"

Nilimtazama mama. Mama alitazama birika.

"Sijui bado," nilisema. "Wallahi sijui."

Hakuniuliza tena. Alikunywa chai yake hadi mwisho, akamshukuru mama, akaaga. Alipotoka, mama aliniuliza hizo diski zina ugumu gani, maana si vyombo tu, vinawashwa vikasema?

Nikamweleza nilivyoweza. Nilimwambia mashine ile haiweki picha nzima mahali pamoja. Inaikata vipande, kipande hiki inakipa diski hii, kinachofuata inaipa nyingine, kama watu wanavyogawana juzuu kwenye khitma, kila mmoja akasoma yake na msahafu ukakamilika. Ila hapa, kila mzunguko, diski mojawapo haipewi kipande. Inapewa hesabu ya vipande vya wenzake, ili mmoja wao akifa, waliobaki waweze kukokotoa alichokuwa nacho. Na zamu ya kushika hesabu inazunguka.

"Na wewe hujui nani alipewa juzuu gani," alisema mama.

"Sijui nani alipewa gani, wala sijui juzuu moja ina urefu gani. Karatasi zimeungua."

"Basi si ufungue usome tu? Anayejua Qurani atajua aya ipi inafuata ipi."

Na kweli ndivyo inavyofanywa. Kuna sehemu ambayo mashine huandika kumbukumbu zake kwa maneno ya kawaida: kamera imewashwa, kamera imezimwa, umeme umerudi. Nilizisaka sehemu hizo kwenye nakala zote nne, nikazisoma mstari kwa mstari. Mahali fulani kwenye nakala moja sentensi ilikatika katikati ya neno, kama mtu aliyezibwa mdomo, na baada yake zikafuata takataka za picha. Nikaanza kutafuta nusu ya pili ya neno lile. Nililipata mwanzoni mwa kipande kwenye nakala nyingine. Nikafuata pale kipande hicho nacho kilipoishia, nikapata mwendelezo kwenye ya tatu. Kutoka neno lilipokatika hadi lilipoungana tena niliupata urefu wa kipande. Na kwa kuangalia nani anaruka zamu na lini, niliupata mpangilio wa hesabu. Nilipima mwanzoni mwa diski kama hesabu inakubaliana na vipande. Ilikubaliana. Nilikaa nikajinyoosha, mgongo ukaalika, na nikahisi furaha ambayo ni vigumu kumweleza asiyefanya kazi hii. Diski zilikuwa na mpangilio. Zilikuwa mashine moja tena, japo kwenye kioo cha kompyuta yangu tu.

Nikampigia mpelelezi aje.

Alikuja upesi, kofia mkononi. Niliunganisha nakala zote nne kwa mpangilio nilioupata, nikatafuta picha za Ijumaa ile. Majina ya mafaili yalikuwapo, na saa zake. Lakini yalipofunguka, picha zilikuwa zimevurugika. Nusu ya uso wa mtu, halafu kijivu. Kipande cha mlango, halafu rangi ya waridi isiyo na maana. Picha inasogea, inaganda, inaruka. Nilimwambia ni kawaida mwanzoni, huenda kuna kitu sijakiweka sawa, na niliendelea kubonyeza nikitafuta sehemu iliyo safi.

Ndipo ikatokea. Ilikuwa kamera ya juu ya mlango, ile inayotazama nje uwanjani. Sehemu ya juu ya picha ilikuwa safi kama dirisha: barabara, uwanja wa nyumba ya mbele, na mzee wa Kiuyu akija kuelekea mlango wa ghala, mkononi amebeba dumu la njano. Sehemu ya chini, ambako mashine huandika tarehe na saa, ilikuwa kijivu tupu. Lakini faili lenyewe lilikuwa la Ijumaa ile, muda mchache kabla ya moto.

Niliisimamisha picha. Feni ilikuwa ikipiga kelele.

"Hilo ni dumu la mafuta," alisema mpelelezi hatimaye.

"Ni dumu. Ndani yake hatuoni."

"Dada."

"Najua, Afande. Nimeona."

Aliegemea ukuta. Nilitarajia aniambie niitoe picha ile kwenye karatasi, nitie sahihi, tumalize. Sheria ingemruhusu kuniomba. Badala yake alijipangusa uso kwa kiganja, akasema kwa sauti ya chini, "Niliwahi kuzungumza na yule mzee. Nilitaka sana iwe si yeye." Kisha akaniuliza swali ambalo lilinifanya nimheshimu hadi leo: "Wewe umeridhika na picha hii?"

"Sijaridhika. Mashine ikiunganishwa sawa, picha hazivurugiki namna hii."

"Basi sijaiona. Niite utakaporidhika."

Jioni ile sikula vizuri.  Mama aliniwekea sahani, akaiondoa. Nilikuwa namfikiria binti wa mlinzi na lile neno alilolileta la baba yake, kwamba kamera zitakuwa zimeona. Nilijiambia kwamba mtu mwenye hatia anaweza kusema hivyo pia, akijua ghala limeungua na mashine imeyeyuka. Nilimwonea mzee huruma na hapo hapo nikamtilia shaka.

Asubuhi ilikuwa inanyesha. Tulikuwa katikati ya masika, njia za Madungu zimejaa matope mekundu, na nilifika ofisini viatu mkononi. Nilijipangusa miguu, nikawasha kompyuta, na picha ile ikarudi pale pale nilipoiacha. Safari hii sikumtazama mzee. Nilitazama juu yake, kule barabarani, kwenye uwanja wa nyumba ya mbele.

Kulikuwa na majamvi. Yalikuwa yametandazwa kutoka barazani hadi ukingo wa barabara, na juu yake karafuu, zile mbichi zinazoanza kugeuka rangi, na mwanamke ameinama anazipindua kwa mkono. Jua kali, kivuli chake kifupi chini ya miguu.

Nilikaa kitako. Nje mvua ilikuwa inapiga bati hata sisikii feni. Ijumaa ya moto nayo ilikuwa ya masika. Watu wa Konde walinikumbusha baadaye kwamba kulinyesha tangu alfajiri, na moto uliweza kuwaka vile kwa sababu ulikuwa ndani. Ni nani Pemba anayeanika karafuu katika mvua ya masika? Na karafuu zenyewe ziko wapi miezi hiyo? Picha ile haikuwa ya Ijumaa ile. Ilikuwa ya msimu wa karafuu, miezi mingi nyuma, na kwa njia fulani ilikuwa imeingia ndani ya faili la siku nyingine.

Sikuweza kwenda mahakamani na karafuu peke yake. Lakini sasa nilijua kitu cha kutafuta. Nilirudi kwenye ile hesabu. Mara ya kwanza niliipima mwanzoni mwa diski, ambako mashine huandika mara moja ikasahau. Sasa niliipima kutoka mwanzo hadi mwisho, kipande kwa kipande, nikaiacha kompyuta ifanye kazi huku mimi nikitembea chumbani. Majibu yalipotoka yalikuwa wazi. Sehemu za zamani, hesabu inakubaliana. Sehemu zote mpya, hesabu inakataa. Mmoja katika wale wanne alikuwa anasema mambo ya zamani huku wenzake wakisema ya sasa.

Diski moja ilikuwa imeacha kazi muda mrefu kabla ya moto. Haikuharibika; ilikatika tu mawasiliano, labda waya ulilegea, mashine ikaitenga na kuendelea na zile tatu, kwa kuwa tatu zinatosha. Diski ile ikabaki mahali pake, imewaka, na ndani yake imehifadhi siku za karafuu kama zilivyo, wakati wenzake waliandikwa upya mara kwa mara. Nilipoziunganisha zote nne, vipande vyake vya zamani vilichomekwa katikati ya vipande vya Ijumaa. Kimoja kati ya vipande hivyo kilikuwa na mzee na dumu lake.

Ni ipi? Nilijaribu kuiacha nje moja baada ya nyingine na kuiomba kompyuta ikokotoe vipande vya aliyeachwa kutoka kwa wale watatu. Nilipoiacha ya kwanza, takataka zilizidi. Ya pili, vile vile. Nilipoiacha ya tatu, kumbukumbu za mashine zilifunguka zikasomeka moja kwa moja bila neno kukatika, kutoka msimu wa karafuu hadi siku ya moto, na ndani yake, ikijirudia kila siku kama mtu anayelalamika bila kusikilizwa, kulikuwa na maneno: diski ya pili haijibu. Mashine huanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo ya pili yake ndiyo ya tatu yangu.

Nilicheka peke yangu chumbani. Kisha nikafungua Ijumaa.

Picha zilikuwa safi, hakuna kijivu wala waridi. Chini kabisa, tarehe na saa. Mvua imekatika, uwanja una madimbwi. Mzee wa Kiuyu ametandika mswala wake kwenye baraza ya mlinzi, anasali Adhuhuri peke yake, kwa kuwa hakuweza kuliacha ghala akaenda Ijumaa. Kwenye kamera ya ndani, wakati huo huo, mahali waya wa umeme unapoingilia darini, cheche zilianza. Ndogo, halafu kubwa. Moja ikaanguka juu ya magodoro, nailoni yake ikayeyuka, na moshi ukapanda.

Nilirudi kamera ya nje. Mzee alikuwa katika tahiyatu ya mwisho. Akatoa salamu kulia. Alipogeuka kushoto, shingo ilibaki pale pale. Moshi ulikuwa unapita mbele ya kamera, ukitoka kwenye matundu ya juu ya ukuta. Akainuka, na kwa umri wake aliinuka upesi kuliko nilivyotarajia, akapiga kelele ambazo mashine haikuzinasa, mikono juu, uso umeelekea barabara iliyokuwa tupu. Hakuna aliyekuja. Akatoa funguo, zikamwanguka, akaziokota, akafungua.

Niliona mgongo wake ukiingia. Ndani, magodoro yalikuwa yanawaka upande mmoja. Mitungi ya gesi ilikuwa upande wa pili, karibu na ukuta unaotenganisha ghala na nyumba ya jirani, nyumba ambamo, tulikuja kujua, mlikuwa na mwanamke aliyejifungua hivi karibuni amelala na mtoto. Mzee aliuvuta mtungi wa kwanza kwa mikono miwili, akaulaza, akausukuma kwa mguu hadi mlangoni, akautoa kichochoroni. Akarudi. Akautoa mwingine. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Nilijua ametoka mzima, yuko rumande, anauliza mkewe kala nini, lakini kila alipoingia nilisema kwa sauti, "Toka, mzee, basi, toka." Mara moja alijikwaa kizingitini akaanguka kifudifudi, akakaa pale muda, nikadhani ndiyo mwisho wa nguvu zake. Akainuka, akarudi ndani. Aliitoa yote. Kisha kamera ya ndani ikawa nyeusi, na ile ya nje ikaonyesha watu wanakuja mbio kutoka msikitini, kanzu zimepandishwa magotini, na yeye amekaa chini matopeni, viganja juu ya mapaja, anavitazama.

Nililia. Sioni haya kuliandika. Kisha nikaenda kunawa uso, nikarudi, nikarudia kila hatua tangu mwanzo, kwa nakala mpya, nione kama jibu ni lile lile. Lilikuwa lile lile. Ndipo nikapiga simu.

"Umeridhika?" aliuliza mpelelezi kabla hata ya salamu.

"Njoo, Afande. Njoo uone."

Alitazama akiwa amesimama. Mzee alipoanguka kizingitini alivuta pumzi kwa nguvu. Ilipoisha aliniomba niirudie, halafu akakaa, akaweka kofia juu ya goti lake na kuipapasa kama anayepapasa paka.

"Na lile dumu?"

Nikamwonyesha. Kwenye ile diski iliyotengwa, ikisomwa pamoja na kumbukumbu za wakati wake, dumu lilionekana siku nyingi, si moja: umeme ukikatika, mashine ikiendelea kwa betri yake, mzee anapita na dumu, anakwenda kulijaza jenereta lililokuwa nyuma. Ilikuwa kazi yake. Na karafuu zilikuwapo siku hizo zote.

"Mimi nisingeziona karafuu," alisema. "Ningeona dumu tu." Alisimama, akavaa kofia. "Asante, dada. Nimelala vibaya wiki nzima."

Mfanyabiashara aliitwa naye akaja kutazama. Nilikuwa nimemjengea chuki moyoni bila kumjua, na alipoingia niliona mtu mnene aliyepungua ghafla, shati limemlegea shingoni. Alitazama hadi mwisho bila kutikisika. Nilipofika kwenye maneno ya diski isiyojibu aliinamisha kichwa.

"Ile mashine ilikuwa inalia," alisema. "Mzee kaniambia, tajiri, kitu chako kinalia kama kifaranga. Nikaenda nikaizima sauti. Nikadhani ndiyo imepona." Akanigeukia. "Na mitungi ile, nimesema mwenyewe mbele ya watu kwamba kataka kuiiba."

"Uliyasema hayo mbele ya watu," alimjibu mpelelezi kwa upole. "Basi na haya utayasema mbele ya watu."

Aliyasema. Nilisikia kwamba alisimama barazani hapo hapo Konde, baada ya sala, akayasema yote kwa sauti. Sikuwapo, na nilifurahi kutokuwapo. Mimi nilipeleka maelezo yangu na nakala zangu mahali zinapotakiwa, nikaulizwa maswali, nikayajibu. Kesi ikaondolewa. Mzee akatoka siku ya mawingu mepesi, na mkewe, ambaye tayari alikuwa amepelekwa hospitali na jamaa na kupata nafuu, alikuwa amekaa kwenye gari akimsubiri kwa sababu hakuweza kusimama muda mrefu. Binti yao ndiye aliyenisimulia. Alinipigia simu akiwa bado njiani, na nyuma ya sauti yake nilisikia watu wanazungumza wote kwa pamoja na mtu anacheka.

"Da, yuko humu garini," alisema. "Analalamika kwamba tumefungua madirisha, upepo unamwingia mama."

Wakanialika Kiuyu. Mama alisema lazima niende, na kwa kuwa magoti yake yalikuwa na siku nzuri, alikuja nami. Tuliwakuta wamepika wali wa nazi na changu wa kupaka, na watu wengi kuliko nyumba inavyoweza kubeba. Mzee alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba barazani, mikono yake imefungwa bendeji mpya. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Weye ndiye wa zile diski?"

"Ndimi."

Aliniashiria nikae karibu. Nilidhani atanishukuru, nikawa natafuta la kujibu. Akainamisha kichwa, akashusha sauti ili wengine wasisikie.

"Umeniona nilipoanguka?"

"Nimekuona, mzee."

"Na afande kaona?"

"Kaona."

"Na tajiri?"

"Na tajiri."

Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Haya makubwa. Nguo ilinipanda?"

Nilijizuia nisicheke, nikashindwa. "Haikupanda, mzee. Wallahi. Ulianguka kwa adabu zako zote."

"Alhamdulillah," alisema, na uso wake wote ukafunguka. Akacheka hadi akakohoa, mkewe akauliza ndani kuna nini, naye akamjibu hakuna kitu, ni mazungumzo yetu sisi wawili.

Tulikula. Mama na mke wa mzee walijuana kwa watu wa ukoo fulani wa Wete, wakaanza kuhesabu nani kaolewa na nani, na nilijua hatutaondoka mapema. Nilisaidia kuosha vyombo, binti akanipokonya, akaniambia macho yangu mekundu, nikapumzike. Alinitandikia mkeka chumbani mwake, karibu na dirisha lililotazama migomba. Nilijinyoosha nikisema nitafumba macho kidogo tu. Nikayasikia maneno ya ukumbini yakienda mbali, mzee akiuliza kama kuku wamefungiwa, na mtu akimjibu wamefungiwa, kisha sikusikia tena kitu hadi waliponiamsha kwa Alasiri.